Orodha ya Maneno Haimkamati Mchochezi

Alfajiri ya tarehe 19 Aprili 1994, watu zaidi ya mia moja walikusanyika Gishyeshye, katika komuni ya Taba nchini Rwanda, wakauzunguka mwili wa kijana mmoja wa Interahamwe, kundi la wanamgambo wa Kihutu, aliyeuawa. Meya wa komuni hiyo, Jean-Paul Akayesu, akasimama mbele yao akawataka waungane kummaliza yule aliyemwita adui wa pekee: washirika wa Inkotanyi, jina la waasi waliokuwa vitani na serikali. Katika agizo hilo hamna kabila lililotajwa. Mtu asiyeijua Rwanda ya mwezi ule angedhani anamsikia ofisa wa serikali akiwahimiza raia wapambane na waasi wenye bunduki. Waliokuwa pale hawakudhani hivyo. Baada ya mkutano ule, mauaji ya Watutsi yalienea Taba nzima.

Miaka minne baadaye, tarehe 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilimtia Akayesu hatiani. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo mahakama ya kimataifa ikamtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na miongoni mwa mashtaka yaliyothibitishwa lilikuwamo la uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani. Wanasheria huikumbuka hukumu ile zaidi kwa kutamka kwamba ubakaji nao waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, na wana haki ya kuikumbuka hivyo. Mimi hurudi kwenye kurasa zake zinazohusu lugha. Naziona kama kipimo cha jinsi sisi huku Kenya, tunaojongelea uchaguzi wa Agosti 2027, tunavyoshughulikia matamshi ya chuki, na kwa kipimo hicho hatufui dafu.

Majaji walioisikiliza kesi walitoka Senegal, Uswidi na Afrika Kusini: Laïty Kama, Lennart Aspegren na Navanethem Pillay. Mashahidi walisema Kinyarwanda. Maneno yao yalitafsiriwa kwanza kwa Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa yakaingia Kiingereza. Kwa hiyo jaji aliyetegemea Kiingereza alikuwa akisikia sentensi iliyokwisha kupita vinywa viwili baada ya kile cha shahidi. Na shahidi mwenyewe hakuwa akisimulia habari za shamba na mvua, alikuwa akieleza namna jirani yake alivyouawa.

Mahakama haikujifanya kwamba tatizo hilo halipo. Iliiandikia sehemu nzima ndani ya hukumu. Ilimwita mtaalamu wa isimu, Dkt. Mathias Ruzindana, aeleze maneno kadhaa yalivyotumika Rwanda miaka ile: Inkotanyi, Inyenzi, Ibyitso (washirika), Interahamwe. Inyenzi, mende kwa maana ya kawaida, lilikuwa jina la wapiganaji wakimbizi waliovuka mpaka miaka ya 1960. Inkotanyi ni wapiganaji wa RPF, chama cha waasi kilichoongozwa na Watutsi, lakini lilitanuka likawafunika wafuasi wao, na mahali pengine likawafunika Watutsi wote. Mtaalamu hakutoa kamusi. Alichosisitiza ni kwamba maana ilitegemea nani anasema, anamwambia nani, na lini. Hata kwa tendo la ubakaji mashahidi walitumia maneno manne tofauti, na msomaji wa Kiswahili atatambua undugu wake bila msaada: gusambanya, kurungora, kuryamana, gufata ku ngufu. La tatu na la nne hayana uzito mmoja hata kidogo, na mkalimani akiteleza, kosa la jinai linageuka kuwa mapenzi ya hiari.

Kulikuwa na jambo jingine lililowasumbua mawakili. Mashahidi wengi walisimulia mambo waliyoambiwa kama vile waliyaona wenyewe. Wakili wa Ulaya au wa Nairobi angeona huo ni uongo wa kiapo. Majaji walikubali maelezo kwamba katika jamii ambako habari hupita kwa mdomo, tukio husimuliwa kama lilivyopokelewa, na msimulizi hahisi anadanganya. Tiba yake ilikuwa kuuliza tena, taratibu: uliona kwa macho yako au uliambiwa? Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyotenganisha ushahidi na uvumi.

Kutokana na kazi hiyo majaji wakafikia kanuni ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo mchango mkubwa kabisa wa Arusha katika suala la maneno: kwamba uchochezi kuwa wa moja kwa moja au la hupimwa kwa utamaduni na lugha ya waliousikia. Hotuba moja inaweza kuwa agizo la wazi katika nchi moja na porojo katika nchi nyingine. Kinachoulizwa ni kama wale waliolengwa waliuelewa ujumbe papo hapo.

Mswahili hahitaji kufundishwa jambo hili na mahakama. Aliyewahi kukaa kwenye taarabu ya harusi anajua kwamba ubeti mkali kuliko yote hauna tusi hata moja, na kwamba mlengwa huinuka akaenda kumtuza mwimbaji au akaondoka ukumbini kabla ubeti haujaisha. Ukiandika maneno yale kwenye karatasi ukayapeleka polisi, utachekwa. Tunajua mafumbo yanavyofanya kazi tangu utotoni. Basi cha kustaajabisha ni kwamba tukifika kwenye sheria tunajifanya hatujui.

Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ikaunda tume ya kuisimamia, NCIC. Kifungu cha 13 kinaharamisha maneno ya vitisho, ya kutweza au ya matusi yakisemwa kwa nia ya kuchochea chuki ya kikabila, au ikiwa, kwa kuzingatia mazingira yote, chuki hiyo ina uwezekano wa kuzuka. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ukikisoma kwa makini utaona hakitaji neno lolote mahususi. Kwa maandishi, sheria yetu na Arusha zinasema jambo moja.

Tatizo liko kwenye utendaji. Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi, NCIC ilitangaza orodha ya maneno na misemo iliyoiona ya chuki. Yalikuwamo madoadoa na kwekwe. Ikawamo pia chunga kura, ikawamo "watu wa kurusha mawe", ikawamo hatupangwingwi. Hili la mwisho ni Sheng, limetokana na wimbo wa vijana uliokuwa ukivuma, na kambi ya William Ruto ililigeuza kibwagizo cha kampeni kwa maana ya kwamba hatupangiwi na mtu. Ukali linao, kejeli linayo. Kuliweka kapu moja na madoadoa ni kukiri kwamba aliyeandika orodha alitazama joto la kampeni badala ya hatari ya kuuana.

Madoadoa lina kaburi nyuma yake. Katika Bonde la Ufa lilitumika tangu mapigano ya miaka ya mwanzo ya 1990 kwa watu wa makabila yaliyohesabiwa kuwa wageni kwenye ardhi ya wengine, na kuondoa madoadoa kulimaanisha kuwafukuza. Januari 2022, Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, aliwaambia watu kwenye mkutano wa hadhara Eldoret waondoe madoadoa. Alikamatwa. Utetezi wake ulikuwa kwamba alizungumzia wagombea wa vyama vingine, akitaka wapiga kura wachague chama kimoja kuanzia juu hadi chini. Siku chache baadaye Raila Odinga naye alilitamka kule Wajir katika muktadha huohuo wa kura za pamoja, akaomba radhi.

Yachukue matukio hayo mawili uyapime kwa kipimo cha Gishyeshye, utaona mara moja kwamba neno ni moja na kesi ni mbili. Eldoret ni mji ambao umbali mfupi kutoka hapo, Kiambaa, tarehe 1 Januari 2008, kanisa lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kujificha. Anayelitamka neno lile mbele ya umati wa mji ule analitamka mbele ya kumbukumbu. Wajir ina majeraha yake, lakini si hayo, na masikio ya Wajir hayalisikii neno hilo kwa namna ile. Simtii mtu hatiani hapa, nasema tu kwamba mwendesha mashtaka anayejua kazi yake angeanzia kwa wasikilizaji wa kila mkutano. Orodha inamfanya aanzie kwenye neno, na akifika mahakamani wakili wa utetezi anafungua kamusi: doa ni alama kwenye nguo, mheshimiwa. Kesi inaanza kuyumba hapo.

Naelewa kwa nini viongozi wa nyakati za wasiwasi hupenda orodha. Ni rahisi kuitangaza mbele ya kamera, na inampa kila mtu hisia kwamba kuna kitu kinafanyika. Polisi wa kituo cha mbali anapata kitu cha kushika mkononi. Lakini mwanasiasa akishajua maneno ishirini yaliyopigwa marufuku anaunda la ishirini na moja kwenye gari akielekea mkutanoni, na umati utalielewa kabla hajamaliza kulitamka. Anayebaki amenaswa ni kijana aliyeimba wimbo.

Jinsi neno lisilo na ubaya linavyobeba mauti, hakuna mahali palipoandikwa kwa uwazi zaidi kuliko katika kesi ya Georges Ruggiu, Mbelgiji aliyekuwa mtangazaji wa RTLM, redio ya Rwanda iliyoeneza chuki dhidi ya Watutsi. Alikiri makosa mwaka 2000 akafungwa miaka 12. Katika maungamo yake, maneno "nendeni kazini" yalikuwa kwanza na maana ya kwenda kupigana na RPF na washirika wao. Kadiri siku zilivyopita yakawa na maana ya kwenda kuua Watutsi na Wahutu waliopinga serikali ya mpito. Ni maneno ambayo kila mzazi humwambia mwanawe asubuhi. Tume gani duniani ingeyaweka kwenye orodha?

Kesi kubwa ya vyombo vya habari ilikwenda mbali zaidi, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze walihukumiwa tarehe 3 Desemba 2003. Wawili wa kwanza walihusishwa na RTLM, redio iliyoanza kutangaza Julai 1993, wa tatu alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura. Walikata rufaa, na tarehe 28 Novemba 2007 majaji wa rufaa wakafuta sehemu ya hatia na kupunguza vifungo: Nahimana kutoka maisha hadi miaka 30, Ngeze kutoka maisha hadi 35, Barayagwiza kutoka 35 hadi 32. Majaji hao walisema matangazo ya RTLM ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, siku ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa, yalichochea chuki ya kikabila, lakini haikuthibitishwa kwamba yaliita watu moja kwa moja wakafanye mauaji ya kimbari. Yaliyofuata tarehe hiyo yalifanya hivyo.

Uamuzi huo uliwaudhi wengi, na ukiwa na ndugu aliyeuawa Aprili ile sioni namna ambayo usingekuudhi. Hata hivyo nausimamia. Chuki ni mbaya na inaweza kuwa na sheria yake na adhabu yake, lakini uchochezi wa mauaji ya kimbari ni kosa jingine, zito zaidi, na ukiyachanganya mawili hayo utapata serikali inayomfunga kila mhariri mkali kwa jina la Rwanda. Hili si jambo la kubuni. Kwenye ukanda wetu "tusije tukawa kama Rwanda" imekuwa sentensi ya kufungia mikutano na redio.

Kesi ya mwanamuziki Simon Bikindi iliamuliwa kwa roho hiyohiyo. Nyimbo zake zilitumika katika propaganda, na mahakama ilikubali hivyo, lakini hazikumfunga. Kilichomfunga miaka 15, mwaka 2008, ni maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti cha gari kwenye barabara ya Kivumu na Kayove mwishoni mwa Juni 1994, akiwahimiza watu wawamalize Watutsi waliosalia.

Pingamizi moja lina nguvu na sitalikwepa. Arusha ilihukumu baada ya wafu kuzikwa. Njia ya kuwasikiliza wataalamu wa isimu na kuwauliza mashahidi mara tatu tatu ni nzuri kwa mahakama yenye miaka na bajeti, lakini Eldoret ikianza kuwaka hakuna atakayengoja hukumu. Mwanasiasa wa Rwanda, Léon Mugesera, alihutubia Kabaya tarehe 22 Novemba 1992, akitaja mto Nyabarongo kuwa njia ya kuwarudisha Watutsi Ethiopia. Alikimbilia Kanada, na huko mahakama zikavutana juu ya tafsiri ya hotuba ile: mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikaisoma kwa namna iliyompa nafuu, mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikaikataa tafsiri hiyo. Alirudishwa Rwanda Januari 2012, akahukumiwa kifungo cha maisha Aprili 2016. Miaka 23 na ushei kwa hotuba moja.

Nakubali. Ila pingamizi hilo linaichanganya kazi ya kuzuia na kazi ya kuadhibu. Mwaka 1994 RTLM haikuendelea kutangaza kwa sababu majaji walikuwa wazito. Maofisa wa Marekani walilijadili wazo la kuyavuruga mawimbi yake wakaliona ghali na lisilofaa. Kuzuia ni kazi ya wenye mamlaka juu ya masafa, ya wahariri, ya vyama vinavyoweza kumnyima mgombea tiketi, ya mashehe na maaskofu wanaoweza kumnyima mimbari. Ndani ya kazi hiyo orodha ya maneno ina manufaa yake: imsaidie mfuatiliaji anayesikiliza redio kumi kwa siku ajue pa kutega sikio. Ikitoka hapo ikawa msingi wa kumtia mtu pingu, imevuka mpaka wake.

Na mpaka huo tumeuona ukivukwa kwa njia nyingine, kwa sheria zilizoandikwa kwa maneno mapana kiasi kwamba chochote huingia. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Kenya ilikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kwa kuwa hakikueleza kosa kwa uwazi unaotosha. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016, vikiwamo vya uchochezi, vinakwenda kinyume na mkataba wa jumuiya. Wanaoandika sheria za aina hiyo husema wanaacha nafasi ya kuzingatia mazingira. Lakini mazingira yanazingatiwa na nani? Ofisa aliyekuja kukamata usiku hana mtaalamu wa isimu kwenye Land Rover.

Kuna upande mwingine wa shilingi, ambapo maneno hayapimwi kabisa. Agosti 1998, vita vilipokuwa vimewaka Kongo, Abdoulaye Yerodia Ndombasi alitoa hotuba ambazo Ubelgiji ilizihesabu kuwa uchochezi dhidi ya Watutsi, ikatoa hati ya kumkamata Aprili 2000. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Februari 2002 kwamba hati hiyo haikustahili kwa kuwa ilipotolewa alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Kongo na alikuwa na kinga. Hotuba zenyewe hazikuguswa. Banyamulenge, Watutsi wa Kongo walioko Kivu Kusini, wanaendelea kuitwa majina kwa Kiswahili chetu hikihiki, kwenye video zinazozunguka hadi Nairobi na Brussels.

Turudi nyumbani. Kesi nyingi za matamshi ya chuki Kenya huishia njiani, na sababu moja haina siasa ndani yake: ushahidi wenyewe ni dhaifu. Upande wa mashtaka huja na klipu fupi kutoka kwenye simu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza ilirekodiwaje na kwa kifaa gani, na cheti mara nyingine hakipo. Hotuba ilitolewa kwa Kikalenjin, Kikikuyu au Kisomali, na nakala ya tafsiri imeandaliwa na mtu ambaye wakili akimuuliza amezaliwa wapi, ukumbi unaguna. Mbaya zaidi, hakuna hata msikilizaji mmoja aliyekuwa uwanjani anayeletwa kusema alielewa nini. Pale Arusha wasikilizaji ndio waliobeba kesi. Kwetu wasikilizaji wanaogopa kurudi kijijini, na hakuna aliyewapangia ulinzi wa maana.

Miezi iliyobaki hadi Agosti 2027 inatosha kwa mambo machache ya kawaida kabisa. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma inaweza kuwa na wakalimani wa kiapo wa lugha kuu za maeneo ya hatari, watu waliokulia huko na wanaojua nini kilisemwa mwaka 1992 na mwaka 2007. Vituo vya redio vinavyotangaza kwa lugha za mama vinaweza kulazimishwa kutunza rekodi za vipindi vyao vyote vya kupigiwa simu, bila kukata. Hotuba iwasilishwe mahakamani yote, tangu salamu hadi mwisho, ili anayejitetea kwamba amekatwa sentensi asiwe na pa kushika, na aliyekatwa kweli apate haki yake.

Linabaki suala la simu. Arusha ilihukumu maneno ya uwanjani, ya redio na ya kipaza sauti cha gari, na kigezo cha "hadharani" hakikuwapa shida kubwa. Kikundi cha WhatsApp siku hizi kinachukua hadi watu 1,024, mara kumi ya umati wa Gishyeshye. Anayetuma sauti humo atasema alikuwa akizungumza na jamaa zake faraghani, na kwa kundi la ndugu kumi na wawili atakuwa amesema kweli. Kwa kikundi cha wadi nzima, ambacho kila mwanachama ameingia kwa kiungo kilichosambazwa na wakala wa mgombea, mimi ningemhesabu amesimama uwanjani, hata kama alirekodi akiwa kitandani.